Juu ni Apple, chini ni nini? Kisa cha miembe ya Katito

Karibu na Katito, Nyakach, kaunti ya Kisumu, kuna shamba la maembe la ekari mbili ambalo ukiliingia unadhani lilipandwa na watu watatu wasiosalimiana. Mwembe mmoja umefika urefu wa paa la nyumba, majani mazito hadi ardhi chini yake haioni jua, na matunda yake ni ya kutafuta kwa macho. Hatua chache kutoka hapo kuna mwingine unaomfikia mtu kidevuni, matawi yake yamewekewa nguzo kwa uzito wa maembe. Wa tatu upo tu. Haukui, haufi, hauzai.

Yote ni Apple, aina ya embe, yote ni ya kupandikizwa (kijiti cha Apple juu ya mche uliooteshwa kwa kokwa), na yote iliingia ardhini mwezi mmoja, kwenye mvua ndefu za 2018, zile zilizofurisha tambarare za Kano. Mwenye shamba ni mwalimu mstaafu, na kijijini hana jina jingine ila Mwalimu. Kufikia mwaka wa sita alikuwa ameshavuna maelezo mengi kuliko maembe. Mmoja alimwambia samadi ilikuwa haba. Mwingine akasema aliuziwa Apple ya uongo. Jirani akakumbuka kwamba upande ule wa chini zamani palikuwa na kaburi. Mwalimu mwenyewe, aliponiita niiangalie miti, alitaka jibu moja tu: ang'oe au aache?

Daftari

Wakulima wengi hawaandiki mche ulitoka wapi. Mwalimu aliandika, kwa mazoea ya rejista ya darasa. Mistari ni minane, kila mmoja una miti kumi, mita 10 kwa 10, na kila mti una namba yake. Pembeni mwa ukurasa ameandika miche ililetwa na gari gani. Mistari mitano ya kwanza ilitoka kwenye kitalu kikubwa kando ya barabara kuu. Miche ikapungua, basi mitatu ya mwisho akaimalizia kwa mama mmoja anayeuza miche nyumbani kwake, Nyakach ya juu.

Jambo la pili lililotuokoa ni kwamba mistari yote inashuka na mteremko. (Kwa mmomonyoko ni vibaya, na watu wanaoishi karibu na korongo la Katuk Odeyo hawahitaji kukumbushwa. Kwa uchunguzi ni bahati.) Juu kuna udongo mwekundu wenye changarawe, maji yanapita. Chini ni ule mweusi wa mfinyanzi, unaopasuka Januari hadi mguu wa mbuzi unazama, na Aprili unang'ang'ania gambuti. Kwa hiyo kila mstari unapita kwenye udongo wa aina zote mbili. Kama tatizo ni udongo, miti yote ya juu ingefanana, na yote ya chini ingefanana. Kama tatizo ni mche, tofauti ingefuata mstari.

Tuliteremka kwanza na mistari ya yule mama. Miti ya juu ni ya wastani, mizuri, inalingana kama ilikatwa na fundi mmoja. Kadiri unavyoshuka inapungua kimo polepole, na ile miwili ya mwisho ni mifupi na majani yake ni ya rangi ya kufifia. Huo ni udongo unasema. Hakuna fumbo.

Mistari ya barabara kuu ni habari nyingine. Huko juu kabisa, kwenye udongo uleule mwekundu, mti namba tatu ni jitu, namba nne ni kichaka, namba tano ni jitu tena, namba sita umedumaa. Udongo haubadiliki hivyo kila baada ya mita 10. Samadi ilitoka boma moja, ikagawiwa kwa debe moja. Na kuhusu Apple ya uongo, maembe yenyewe yalijibu: mviringo uleule, ngozi ileile ya manjano yenye wekundu begani, nyama isiyo na nyuzi. Juu ni Apple kweli. Tofauti ilikuwa chini ya kovu la kupandikizia, mahali ambapo mnunuzi hainami kuangalia.

Hata hivyo nilikataa kulitaja mapema shina la chini, yaani ule mche wa kokwa ulioibeba Apple, kwa sababu siku hizi limekuwa jibu rahisi kama lile la kaburi. Kuna mambo matatu yanayoiga kazi ya shina la chini, na yote matatu yalikuwemo shambani.

La kwanza ni mbuzi. Miti sita karibu na ua ililiwa vichwa ikiwa michanga. Ilichipua upya, Mwalimu akashukuru, lakini ilichipukia chini ya kovu. Hapo kilichokua si Apple tena, ni lile shina la chini lenyewe limechukua shamba. Ukichuma embe lake unakuta dogo, lina nyuzi, na limejaa kokwa. Miti hiyo ndiyo iliyozua uvumi wa Apple ya uongo.

La pili nililiona kwa kucha. Miti mitatu mifupi iliyozaa sana ilikuwa na uvimbe mbaya kwenye kovu, juu nene, chini nyembamba. Nilikwangua gome kwenye mfereji uliokuwa katikati, ikatokea ncha ya plastiki ya buluu. Ile karatasi ya kufungia siku ya kupandikiza haikufunguliwa kamwe, na mti umenenepa ukaimeza. Mti uliobanwa namna hiyo chakula chake kinashindwa kushuka mizizini, kinabaki juu, basi unatoa maua kwa wingi na haurefuki. Mkulima anafurahi kwamba amepata mwembe mfupi wa kisasa. Siku upepo wa ziwani ukija mti ukiwa na mzigo, unakatikia palepale. Mitatu hiyo niliitoa kwenye hesabu.

La tatu lilihitaji jembe. Kijana wa shamba alichimba kuzunguka mti mmoja uliokufa, na mzizi mkuu ukatoka umejiviringa mara mbili kisha ukapinda kama kitasa cha mlango. Mche ulikaa muda mrefu kwenye karatasi ndogo ya kuoteshea. Mwembe umezoea kushusha mzizi mmoja mrefu, ukiuzuia ukiwa mdogo haujinyooshi ukiwa mkubwa. Kwenye udongo mweusi, maji yakituama, mti wa hivyo hauna pa kukimbilia.

Kilichobaki

Baada ya kutoa ya mbuzi, ya plastiki na ile iliyokufa upande wa maji, mistari mitano ya barabara kuu bado ilikuwa fujo. Hapo ndipo tulipochukua utepe wa fundi cherehani. Kipimo ni mzunguko wa shina juu kidogo ya kovu. Ukizidisha mzunguko kwa wenyewe na kugawa kwa 12.57 unapata eneo la shina lililokatwa, na ukigawanya matunda kwa eneo hilo unajua mti unatumia mwili wake kufanya nini. Urefu peke yake hudanganya, maana mti waweza kukatwa kichwa.

Chukua miti miwili jirani kwenye mstari wa pili, yote juu, yote ya udongo mwekundu. Jitu lina mzunguko wa sentimita 62, yaani eneo la sentimita 306 za mraba, na lilikuwa na maembe 41. Ule mfupi una mzunguko wa 38, eneo la 115, na maembe 58. Kwa kila sentimita 100 za mraba za shina, jitu linabeba maembe 13 na mfupi unabeba 50. Na tofauti haiishii hapo. Jitu linataka mita 10 zake zote, miti 40 kwa ekari. Mti wa kimo kile ungeweza kupandwa mita 5 kwa 5, miti 160 hivi kwa ekari. Mazao ya mwembe huhesabiwa kwa ekari, si kwa mti, na hapo ndipo mashina ya chini yanayofupisha mti yanapopata heshima yao.

Kwa nini mizizi iamue mambo ya juu? Mizizi ndiyo inayopima maji na madini yanayopanda, na ndiyo inayotuma sehemu ya homoni zinazoamuru chipukizi litoke au litulie. Shina lenye mishipa mipana na mizizi mikali linasukuma, na mti unajibu kwa majani. Sasa, mwembe hutoa ua kwenye ncha ya tawi lililokomaa na kupumzika. Lisipopumzika hakuna ua, kuna majani mapya mekundu tu. Makueni au Kilifi kiangazi ndicho kinachoupumzisha. Kwetu kando ya ziwa mvua ndefu za Machi hadi Mei hazijakauka vizuri kabla ya ngurumo za mchana kuanza tena, na vuli nayo inakuja Oktoba. Mti wenye mizizi ya kusukuma haupati likizo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu mkulima wa huku asinakili shauri la Ukambani bila kuliangalia mara mbili: nguvu ambayo kule inausaidia mti kuvuka ukame, Nyakach inaweza kuugeuza mti wa kivuli.

Jambo moja shina la chini halifanyi: halibadilishi aina. Apple itabaki Apple. Laweza kugusa ukubwa wa embe kidogo, kiasi cha madini kwenye majani, uvumilivu wa chumvi, mwaka wa kuanza kuzaa. Halizuii nzi wa matunda wala ukungu wa unga kwenye maua, na wauza miche wanaodai hivyo wasisikilizwe.

Kokwa moja, miche minne

Nilikwenda kwenye vitalu vyote viwili. Cha barabara kuu ni kizuri machoni, mistari safi, kivuli cha neti. Kokwa zao zinatoka kwa wauza sharubati na mabaki ya soko. Ni bei nafuu, na kwa mtu anayeotesha maelfu ya miche hakuna njia ya haraka zaidi. Ila rundo la soko lina kila kitu: maembe ya kienyeji, Ngowe, Kent, Tommy Atkins, yaliyotoka Ukambani na yaliyovuka mpaka kutoka Uganda.

Nyumbani kwa yule mama kuna mwembe mkubwa wa zamani nyuma ya ghala. Nilimuuliza kokwa anazitoa wapi. Akacheka.

"Mwanangu, hizi zinaanguka hapa bure. Niende soko la Kibuye kununua nini?"

Kisha akaninyooshea tuta la kuoteshea. Kutoka kokwa moja yalikuwa yametoka machipukizi matatu, kutoka nyingine manne, yamebanana. Anachagua moja lenye nguvu, mengine anayang'oa. Aliambiwa afanye hivyo na marehemu mume wake, na hajawahi kuuliza sababu.

Sababu ndiyo ufunguo wa kisa chote. Kuna miembe ambayo kokwa yake ina kiinitete (mmea mchanga ndani ya kokwa) kimoja tu, kilichotokana na chavua. Hiyo ni pamoja na Tommy Atkins, Kent, Keitt, Haden na Van Dyke. Kila kokwa hapo ni mtoto mpya, mama unamjua, baba ni yeyote aliyeletwa na wadudu, na ndugu wawili wanaweza kutofautiana kabisa. Kuna miembe mingine ambayo kokwa yake hubeba viinitete vingi, na karibu vyote vimetoka kwenye mwili wa mama mwenyewe, si kwenye chavua. Miche yake ni nakala za mama. Kile kimoja cha chavua mara nyingi, ingawa si kila mara, huwa dhaifu kikasongwa na wenzake, au mtu mwenye jicho kama yule mama anakiondoa kwa sababu hakifanani na wengine.

Nchi zinazolima maembe kwa makini zilishika njia hiyo zamani. Israeli wana shina liitwalo 13-1, walilolichagua kwa ajili ya udongo wa chokaa na maji ya chumvi. Afrika Kusini wametegemea Sabre, Florida wana Turpentine, Australia wana Kensington Pride, na kusini mwa India kuna Vellaikulamban, linalosifika kwa kufupisha mti. Tabia zao ni tofauti lakini yote ni ya kokwa yenye miche mingi, kwa sababu shina la chini lisilojirudia halina faida kwa mtu anayepanda ekari.

Wengine wataniuliza kwa nini Mwalimu asiagize 13-1. Kwanza kuingiza mmea kunataka kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Pili, Katito si bonde la chumvi. Shina lililochaguliwa kwa shida ya watu wengine si lazima lijue shida yako. Mwembe wa nyuma ya ghala umesimama Nyakach miaka mingi, umeona mafuriko na viangazi, na unazaa. Kama shina la chini huo ni ushahidi mdogo, lakini ni ushahidi wa hapahapa.

Wa mashaka atasema, na ana haki, kwamba shamba moja halithibitishi kitu. Mistari ya yule mama iko upande mmoja na ya barabara kuu upande mwingine. Mwalimu angeipishanisha tungekuwa na nguvu zaidi ya kusema. Vijiti vya Apple vya kupandikizia vya vitalu hivyo viwili pia havikutoka mti mmoja. Lakini vijiti tofauti vingeleta tofauti kati ya kitalu na kitalu, visingeleta ile vurugu ya mti na jirani yake ndani ya mstari mmoja. Vurugu hiyo ndiyo alama ya kokwa za kuokota.

Ang'oe au aache

Hakung'oa yote. Ile sita ya mbuzi ilikatwa usawa wa goti na kupandikizwa Apple upya kwenye machipukizi, kazi ya kawaida kwa kijana aliyefunzwa. Mitatu ya plastiki ilifunguliwa kwa kisu, na anajua huenda mmoja au miwili ikakatika. Majitu yanapunguzwa matawi ya ndani mara tu baada ya mavuno, kabla chipukizi jipya halijatoka, na samadi yamenyimwa kwanza. Mkulima wetu akiona mti hauzai huuongezea mbolea, ambayo kwa mti unaosukuma majani ni kumpa mlevi chang'aa. Upande wa chini umechimbiwa mitaro, na miti mipya huko inakaa juu ya matuta. Maji yanayotuama hayatibiwi na shina la chini la aina yoyote.

Nafasi zilizobaki wazi anazijaza kwa njia ambayo ningependa ienee Nyakach. Anapanda kokwa za mwembe wa yule mama moja kwa moja shimoni, shambani, hakuna karatasi. Kokwa inatolewa ganda gumu kwa mkasi wa kupogolea, ikionekana imetobolewa na fukusi inatupwa, na inapandwa ikiwa mbichi, ndani ya siku chache, maana kokwa ya embe ikikauka imekufa. Inalazwa mgongo uliobinuka ukiwa juu. Shina likifika unene wa penseli linapandikizwa palepale lilipo, kwa vijiti kutoka miti yake bora. Mzizi mkuu haujawahi kuguswa. Palizi na mbuzi vinataka uangalizi zaidi kuliko kitaluni, hilo halifichiki.

Akabaki na swali moja, nalo lilikuwa zuri kuliko yote. Ule mwembe mfupi wa mstari wa pili, wenye 58, ndio bora shambani mwote, kuliko hata wowote wa yule mama. Je, asioteshe kokwa za maembe yake, apate mashina kama lile?

Nikamwambia, "Mwalimu, kokwa hizo ni za Apple. Zimetoka juu. Aliyeufupisha mti yuko chini, na huyo hajawahi kuzaa embe hata moja."

Alinyamaza kidogo, halafu akamwita kijana na kumuuliza kama mti ule hutoa machipukizi chini ya kovu. Hutoa, na kijana huyafyeka kila palizi, kama alivyofundishwa. Sasa limeachwa moja. Likikomaa, kijiti chake kitapandikizwa kwenye mche mwingine pembeni mwa boma na kuachwa kizae maembe yake chenyewe, yawe na nyuzi yasiwe nayo. Itachukua miaka. Kokwa za kwanza zitaoteshwa na kuhesabiwa machipukizi: zikitoa moja moja, shina lile lilikuwa bahati ya mara moja na halirudiwi kwa mbegu. Zikitoa matatu, manne, Mwalimu atakuwa na mti wa kokwa ambao vitalu vya Nyakach vitaufuata.